Miguu ya Kasimiri

Goba, 11 Machi 2024

Kwa mdogo wangu Kasimiri,

Pole na maumivu. Sie huku tu wazima, Wilfred anakusalimu. Naandika kwa sababu simu imetushinda: juzi ulinikatia, jana mie nikakukatia. Barua haikatwi. Wilfred anapita Chanika na lori lake la mchanga, na mume wangu unamjua hana umbea, atazibeba.

Ishu ni Mama. Tangu ulipokanyaga lile tanuri la mkaa likatitia, miguu ikazama kwenye moto, tunamwambia uko Newala unatafuta mpingo wa kuchonga. Mwanzoni alikubali. Sasa anasema umekufa na tunamficha. Anakumbuka tulivyompigia simu kwamba kaka yetu Deogratias anaumwa kidogo, apande basi aje, akashuka akakuta turubai la msiba na watu wamejaa. Presha yake ilianzia siku ile, na daktari alisema asishtuliwe tena.

Nilimpa simu akusikie, akasema sauti ya simu mtu yeyote anaweza kuiiga. Chakula anakidonoa tu. Macho ndiyo hivyo, yamekwisha, lakini masikio bado yapo. Anakaa barazani anasikiliza geti, kila anayeingia anamtaja kwa hatua zake. Wewe anakungoja na kule kuburuza kwako ndala, alikokuwa akikugombeza tangu unanyonya kidole.

Njoo, hata na fimbo.

Dada yako,
Eufrazia


Chanika, 19 Machi 2024

Dada Eufrazia,

Shikamoo. Mie naendelea. Vidonda vimefunga, ngozi mpya inavuta na usiku inawasha kama upupu. Msalimie shemeji, mwambie siku hizi anapiga honi kistaarabu.

Na fimbo siji. Mtu asiyeona akisikia fimbo inagonga sakafu yake atauliza, na Mama akiuliza haachi. Nikimtajia moto, turubai la pili tutalifunga hapo kwako. Naja bila fimbo, au siji.

Hospitali wamenipa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada wa Kinyakyusa anaitwa Atuganile. Anataka nisimame kwa mguu mmoja huku nimeshika meza. Mie mchongaji, kazi yangu nimeifanya maisha yote nimekaa chini, gogo nimelibana kwa nyayo. Kusimama kwa mguu mmoja ni kazi ya korongo. Kliniki mbili sijaenda, nakwambia mapema usije ukaambiwa na watu.

Mdogo wako,
Kasimiri


Goba, 2 Juni 2024

Kasimiri,

Habari za siku nyingi. Pasaka imepita, Pentekoste imepita, na barua zangu mbili umezikalia. Wilfred anasema amekuona umekaa kibandani, fimbo magotini, unapiga soga.

Basi sikia. Jana jumuiya ilisali hapa kwetu. Ilipofika zamu ya maombi Mama akainua mkono, akaomba wamsalie marehemu mwanawe Kasimiri. Watu wakanitazama. Ningesema u hai, angesema nimlete. Nikainamisha kichwa, wakakusalia, kina mama wakanipa pole mlangoni nikazipokea. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, na hasira juu yako pia, nakuambia wazi.

Mama kakonda. Nguo zinamvuka. Kama unasubiri upone kabisa, sijui utamkuta nani.

Dada yako,
Eufrazia


Chanika, 30 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Nimeombewa nikiwa hai, wape ahsante. Sikulala vizuri baada ya ile barua.

Nisikufiche na mie. Nilijaribu kurudi kazini. Nikabana gogo, nikapiga tezo, nikashtuka kuona damu kwenye mbao. Nilikuwa nimejikata wayo na sikusikia kitu. Atuganile hakunigombeza. Alinifunga, akaniambia nifumbe macho nisimame. Nikaenda chini kama gunia. Akasema nyayo zangu hazijui tena chini iko wapi, macho ndiyo yananishikilia, na gogo sitalibana mpaka nijue kusimama.

Sasa naenda kila kliniki. Natembea juu ya mstari wa chaki, kisigino mbele ya vidole. Nasimama juu ya godoro. Nyumbani nakanyaga pumba za mpunga, kisha mchanga, kisha vumbi la mbao, nikifumba macho nijue kipi ni kipi. Nimeanguka mbele ya majirani mpaka wamechoka kucheka. Nikijisahau tu naburuza, na hilo ndilo linalomuudhi Atuganile kuliko yote.

"Kaka, ukiburuza ngozi mpya itachubuka na kidonda kitarudi," anasema. "Inua mguu. Kisigino kwanza."

Ndala zangu kazipiga marufuku, natembea na viatu vya kufunga kama karani. Lakini kutoka kibandani mpaka barabara kubwa naenda bila fimbo. Mwambie shemeji anipitie tarehe 20 Julai. Mama usimwambie, asikie mwenyewe.

Mdogo wako,
Kasimiri


Goba, 22 Julai 2024

Mdogo wangu Kasimiri,

Natumaini miguu haikuvimba. Wilfred anasema ulipiga mluzi kutoka hapa mpaka Chanika. Ulivyopanda zile ngazi za baraza bila kushika ukuta nilitaka kupiga vigelegele, nikajibana.

Uliona Mama alivyokula. Uliona alivyokushika mikono, akapapasa sugu za tezo moja moja, akacheka. Ukaondoka unajua mambo yameisha, na mie nilijua hivyo hivyo.

Alilisikiliza lori mpaka likamaliza mlima. Ndipo akaniita nikae karibu. Nikamuuliza kama sasa ameridhika. Akasema ameridhika, mikono ile ni ya mwanawe, hahitaji kuambiwa na mtu. Kisha akasema:

"Miaka hamsini namwambia ainue miguu, hasikii. Leo kaingia anainua mmoja mmoja. Miguu ya mwanangu imepatwa na nini?"

Nikasema ni viatu vipya. Akauliza tena. Nikamweleza yote, tanuri, hospitali, fimbo, mpaka zile pumba za mpunga. Alilia. Nilimpima presha mara mbili, haikupanda. Aliyemtisha ni mwana marehemu, kumbe. Aliye hai na miguu mibovu anamuweza.

Jumuiya nitawaambia mwenyewe Jumamosi, sijui nitaanzia wapi.

Kaniagiza mafuta ya nazi, nimeshanunua. Anasema Jumapili uje na fimbo yako, uvue viatu hapo barazani, umpe miguu aishike.

Dada yako,
Eufrazia