Mzee wa Ndevu za Pamba

Tinde, Jumapili, Julai 1953

Picha yangu ile, ndani ya kibanda cha mizimu!

Niliituma nyumbani mwaka jana ili wacheke tu. Katika mchezo wetu wa kuigiza kule machimboni Geita nilikuwa mzee: ndevu za pamba, mkongojo, mgongo nimeupinda. Leo nimefika bila taarifa, nikamkuta bibi amepiga magoti mbele ya picha, anaimwagia pombe ya mtama.

"Tulimwambia ni wewe," mama alininong'oneza. "Hataki kusikia. Anasema mumewe amerudi."

Babu alikufa bila kupigwa picha hata moja.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mtu hai anatambikiwaje? Nami Jumatano narudi machimboni, chini ya mwamba.

Nikasogea niitoe. Bibi haoni vizuri siku hizi, hakujua niko nyuma yake. Alikuwa anaongea na picha kwa upole ambao sijapata kuusikia kwake: "Baba Ngasa, usilale. Mlinde Masanja wetu kule machimboni."

Masanja ni mimi.

Nimeiacha palepale.