Picha ya Bosi na Begi Lake

Ijumaa, 3 Mei

Nimerudi! Mipaka mitatu, lori halikutoboka hata tairi — madereva kama mimi hawazaliwi kila mwaka. Na kamera imejaa. Nina mlima wenye theluji, nina kinyozi wa mpakani asiye na jino hata moja, anacheka kama kameza jua. Wenzangu wa kikundi cha wapiga picha wakiziona Jumapili watatafuta pa kuficha kamera zao.

Lakini picha kali kuliko zote nimeipiga hapa hapa chumbani. Naingia, mke wangu — mimi humwita Bosi — ameketi ukingoni mwa kitanda, gauni la kutokea, begi miguuni, dirisha linamwangazia shavu moja. Nikapaza sauti: usisogee! Hata salamu sikutoa, mwanga hausubiri salamu. Begi nikalisukuma kwa mguu liingie kwenye fremu. Akauliza, umemaliza? Bado, inua kidevu. Macho yale! Yamejaa maji, hayamwagiki. Nikajisemea, leo Mungu ananipenda.

Akasema anakwenda kwa dada yake. Vizuri, shemeji ana mtoto mchanga, anahitaji mtu wa kumsaidia. Begi nikambebea mwenyewe hadi barabarani. Zito! Nikamtania: umeniibia masufuria? Hakucheka. Jua kali, labda.

Jumamosi, 4 Mei

Nimekwenda kusafisha picha, saizi kubwa. Yule wa mashine kaiangalia, kaniangalia mimi, kaniwekea kwenye bahasha bila neno. Wivu huo!

Bosi hapokei simu. Mtandao.

Jumapili, 5 Mei

Sijui niandike vipi.

Kikundi chetu kina sheria moja. Tunakutana chumba cha nyuma cha studio ya picha za pasipoti. Kila mtu anatumbukiza picha yake kwenye boksi, ndani ya bahasha, bila jina. Inabandikwa ukutani, watu wanaisema, na mwenyewe anakaa kimya kama vile si yake. Akifungua mdomo tu, soda za wote juu yake. Mimi ndiye mnunuzi mkuu wa soda pale.

Ikaanza picha ya maporomoko ya maji. Fundi Saa akasema maji yamekaa kama uji, tukacheka. Lenzi — jamaa mwenye lenzi ndefu kuliko mkono wake — akajikunja kwenye kiti, tukajua ni yake. Halafu ikabandikwa yangu. Kimya! Nikajua nimewamaliza.

Nesi ndiye aliyeanza. "Jamani, huyu dada hasafiri. Huyu anahama."

"Umejuaje?" Lenzi huyo.

"Wewe nawe! Mtu anayekwenda kutembea ataacha ufunguo wa nyumba juu ya mto?"

Ufunguo! Sikuwa nimeuona. Upo pale, juu ya mto wangu, umetoka vizuri kabisa, meno yake yote yanaonekana.

Fundi Saa akasema huyo mama alilia hadi akamaliza, akaoga, ndipo akavaa. Mwalimu, mzee wetu mstaafu, akasogea na miwani yake. Akasema kazi ni safi, mwanga hauna kasoro. "Ila aliyepiga ni mpita njia tu. Mtu wa nyumba hii angeiweka kamera chini."

Kisha wakauliza: haya, ya nani? Mimi — mimi ninayejitapa hadi kwa picha zilizoungua! — nikatazama viatu vyangu. Wakasema labda kaileta mgeni. Nikatoka nikawanunulia wote soda. Wakashangaa, mbona leo sikusema kitu.

Jumatatu, 6 Mei

Ufunguo nimeupata chini ya kitanda. Nadhani Ijumaa usiku nilikung'uta mto, ukaanguka pamoja na vumbi la safari, nikalala fofofo.

Jumanne, 7 Mei

Shemeji kapokea. Nikajifanya mchangamfu, nikauliza hali ya mtoto mchanga. "Mchanga yupi, shemeji? Yuko darasa la kwanza!"

Jamani.

Nikamwomba anipe Bosi. Akasema yupo, hataki simu. Halafu akashusha sauti. Ananiambia Bosi angeweza kuondoka asubuhi ile, kabla sijafika. Alikaa makusudi. Begi aliliweka mbele ya macho yangu ili nilione, nimuulize swali moja tu: unakwenda wapi, mke wangu? "Wewe ukamwambia ainue kidevu."

Nimeongea na askari wa mipaka yote, kwa lugha nisizozijua, wakanipisha. Kwa shemeji nikakata simu.

Alhamisi, 9 Mei

Bosi wa kazini kanipa safari. Nimekataa. Kadhani naumwa.

Nimefungua picha zote, za miaka yote. Wauza mkaa, maharusi wa watu, mbuzi — mbuzi nimempiga kutoka kila upande! Bosi yupo pachache. Hapa amesimama kando ya lori. Hapa tena, kando ya lori jipya. Nakumbuka nilimweka pale ili watu waone ukubwa wa gari.

Amevaa vizuri siku zote mbili. Ametabasamu.

Jumamosi, 11 Mei

Grupu la kikundi linawaka moto tangu asubuhi. Wamekubaliana ile picha ya begi itundikwe ukuta wa mbele kwenye maonyesho yetu. Ukuta wa mbele! Nimeuota ukuta ule kuliko nilivyoota nyumba. Lenzi kaandika: aliyepiga hii namvulia kofia, ajitokeze. Nesi kakumbusha kwamba uso wa mtu hautundikwi bila mwenyewe kuruhusu, kwa hiyo mwenye picha akamwombe huyo dada.

Nikaandika: ni yangu. Ni mke wangu.

Grupu likazima. Hakuna hata kidole gumba.

Kisha Nesi akapiga. "Kaka, tusamehe. Tuliongea kama si mtu."

Nikamwambia hapana dada yangu, nyinyi ndio mliomwona. Akaniuliza kama ninakwenda kumwomba ruhusa. Nikasema kesho ninakwenda. "Nenda, kaka. Ila ruhusa usiombe."

Jumapili, 12 Mei

Niko sebuleni kwa shemeji. Kamera nimeiacha nyumbani, mabega yananing'ata kwa wepesi. Nilitayarisha maneno njia nzima, matamu, na vichekesho viwili. Alipotokea mlangoni yote yakayeyuka. Amekonda. Nikasema tu, shikamoo — kwa mke wangu! Hata yeye karibu acheke.

Akaketi mbali. Akasema nimwonyeshe ile picha niliyompiga siku ile. Nikampa simu. Aliitazama, akaikuza kwa vidole, akafika kwenye ufunguo, akatulia hapo.

"Nimetoka vizuri," akasema. Nikataka kufa.

Halafu akaniuliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza saa: "Siku ile uliniona, au ulipiga tu?"

Nikafungua mdomo. Nikisema nilimwona, ni mtu gani basi niliyembebea begi hadi barabarani? Nikisema sikumwona, amebaki na nini cha kurudia?

Akasema nisijibu haraka haraka kama kawaida yangu. Anamwogesha mtoto wa dada yake, akimaliza anakuja kusikiliza. Nimeandika haya nikimngoja. Huko ndani maji yanamwagika, mtoto analalamika sabuni imeingia machoni, Bosi anambembeleza kwa sauti ambayo sijaisikia siku nyingi.

Maji yamekoma.