Koti Tulilokuzika Nalo

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila ulinilea hivyo, siwezi kuanza bila kukuamkia.

Unakumbuka jioni ile redio ilipotangaza kwamba dola kubwa ya mashariki imesambaratika? Majirani walifurahi. "Mzee, tembo hawapigani tena, nyasi tutapumzika!" Ukawajibu, "Nani kawaambia? Tembo akibaki mmoja si atazila zote?" Walicheka, na mimi nikacheka nao.

Haukupita muda mrefu, kiwanda chenu cha nguo pale Nyakato kikawekwa sokoni, mkapunguzwa kazi. Ulibaki na shati lako la kaki, la kitambaa ulichokifuma kwa mikono yako. Ulilivaa mpaka fundi akaigeuza kola. Mimi nikaanza kuuza mitumba sokoni Kirumba. Siku moja nilikuletea suruali nzuri tu, ukaisukuma pembeni.

"Nchi inayovishwa na wenzake, itawabishia nini?"

Nikapandwa na hasira. "Mbona ugali wa mitumba unakula, Baba?"

Ulinawa mikono, sahani ikabaki nusu. Naona aibu mpaka leo.

Siku hizi redio ileile inasema wakubwa wapya wanainuka, dunia haitakuwa na bwana mmoja. Ungesogeza kiti usikilize. Mimi moyo wangu mzito, Baba. Wanunuzi waliokuja juzi kukagua kiwanda chenu walitoka nchi tatu tofauti. Walipima kuta, wakajadiliana wenyewe kwa wenyewe. Sisi wa Nyakato tulisimama nje ya geti, hakuna aliyetuuliza neno.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Ulipofariki, Mama alitaka uvae shati lako la kaki. Alipolipiga pasi likachanika mgongoni, lilikuwa limechoka mno. Sandukuni mwako hamkuwa na nguo nyingine ya heshima. Nikaenda kwenye meza yangu ya mitumba, nikachagua koti jeusi. Kabla hatujakuvisha nilikata lebo ya shingoni kwa wembe, usije ukaenda ardhini na jina la nchi ya watu. Mama aliniona. "Usimwambie mtu," akasema.

Waombolezaji walikusifu. Mzee amependeza, walisema, na mimi nikaitikia.

Nisamehe, Baba. Ulikataa miaka yote ile, nami nikakuvisha siku ambayo hukuweza kukataa.

Ni mimi binti yako, uliyenifundisha kukunja kitambaa.