Mjomba wa Kanisa la Mwambani

Mkuyuni,
kwa njia ya Morogoro.
Tarehe 9 Agosti, 1911.

Mpendwa Mjomba Alois,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu marehemu mama alinifundisha kumwamkia kaka yake, si kwa sababu moyo wangu unataka. Hujambo? Kifua chako na ule upepo wa chumvi vinapatana? Sisi huku tu wazima. Mahindi tumevuna, na baridi ya mlimani imewakohoza watoto lakini hakuna aliyelala kitandani.

Benedikto, yule wa kazi ya reli, amefikisha maneno yako. Anasema umechoka kazi ya kanisa, unataka kurudi nyumbani kabla ya Krismasi, na sisi wapwa zako tukutengee shamba la kando ya mto na kukujengea nyumba. Tulimsikiliza mpaka mwisho. Dada yako Yuliana alicheka, na unajua yeye si mtu wa kucheka ovyo.

Mjomba, huna haya? Au umesahau nilipokuja kwako mwaka jana?

Basi nikukumbushe. Nilipanda gari moshi hapa Morogoro, mara yangu ya kwanza, nikateremka Dar es Salaam, kisha nikafuata pwani kwa miguu mpaka nikaliona kanisa lako juu ya jabali, jeupe, na bahari ikipiga chini yake. Sikatai, ni kanisa zuri. Nilipiga magoti mlangoni nikafanya ishara ya msalaba, kwani mimi pia nimebatizwa na sina ugomvi na nyumba ya Mungu. Ugomvi wangu ni na wewe.

Nilikuja na neno moja tu. Mzungu wa mashamba ya mpira alikuwa ameliomba bonde letu lote, na bwana shauri, yule Mdachi mkuu wa boma, alikwisha tangaza siku ya kuja kupima. Ardhi isiyo na mwenyewe wa kuisemea ingeandikwa kuwa ni tupu, apewe yeye. Na wa kuisemea ardhi ya ukoo wetu ni mmoja tu, mjomba mkubwa, naye ni wewe. Mimi ningesimama mbele ya watu kuisemea na wewe u hai, wazee wote wa Mkuyuni wangenizomea, na akida wa serikali angekuwa wa kwanza.

Wewe ulifanya nini? Ulinitembeza! Ulinichukua kama unavyowachukua wageni wa Kizungu wanaoshuka melini kutazama ukale wa lile kanisa. "Nguzo hizi ni za mawe ya baharini," ukasema, "zilichongwa kabla Mdachi hajafika." Nikakwambia, "Mjomba, wanakuja kupima." Ukanionyesha mlango na nakshi zake, ukanitajia na fundi aliyeuchonga. Nikasema tena. Ukanipeleka nyuma, ukingoni kabisa mwa jabali, penye makaburi ya mapadre wa kwanza, ukanieleza kila mmoja kwao wapi na homa gani ilimwua. Ulikuwa umeyapaka chokaa kwa mkono wako, yanang'aa. Nikakuuliza kaburi la mama yako liko upande gani wa mto. Ukatazama bahari.

Kisha ukatoa lile neno nisiloweza kulisamehe: "Mpwa wangu, nikiondoka, kengele atapiga nani?" Kengele! Kamba ile hata kipofu angeivuta. Hukunikaribisha unapolala, hukunipa hata maji ya kunywa. Nilirudi Morogoro na njaa yangu.

Nilipowaeleza wa nyumbani, dada yako Yuliana alisema, "Basi kaka yangu amekufa. Leteni wembe." Tulidhani ni uchungu tu unasema. Wapi! Alinyolewa yeye, wakanyolewa mama zetu wadogo, tukakulilia msiba mzima. Dada yangu Veronika alilia kwelikweli, maana alikupenda. Pombe ya kuondoa matanga ilipoiva, nilikalishwa kitini mbele ya ukoo, nikarithishwa jina lako la kwetu, Mlengule, kama wewe ulivyolirithi kwa mjomba wako alipofariki. Padre wetu akijua atanikaripia, na atakuwa na haki.

Siku ya kupima, bwana shauri aliuliza mwenyewe ni nani. Nikajibu, "Ni mimi, Mlengule." Akida alinikazia macho, kisha akavitazama vichwa vya wanawake vilivyonyolewa, akanyamaza. Kule juu mlimani tumenyang'anywa, sasa wanapanda mpira. Lakini bonde, mto na makaburi vimeandikwa vyetu. Nami muda wote nilikuchukia, kwa kuwa pale palikuwa mahali pako pa kusimama.

Leo unataka shamba. Ukitokea huku, Mjomba, watu watauliza Mlengule ni yupi kati yetu, na Mzungu wa mpira hatangoja jibu. Kwa hiyo usije. Usije Krismasi, usije Pasaka. Hata ukifa, wasikulete. Kaburi lako lipo, kando ya la mama yako, ng'ambo ya mto. Tulizika humo shina la mgomba tuliloliviringishia nguo ulizoacha. Hakuna nafasi ya mtu mwingine, na majani nayapalilia mwenyewe.

Veronika anakusalimu sana. Amempa Benedikto tumbaku akuletee, sikumzuia. Watoto wake hawakujui, basi siwezi kusema wanakusalimu. Dada yako Yuliana hakutaka kutuma salamu. Anasema atakuombea kila Jumapili pamoja na marehemu wengine.

Mungu akupe afya, Mjomba, na akuzidishie umri, huko huko mwambani.

Wako aliyekupenda,

Mlengule