Kule Wanakonisubiri

Shoshong, 3 Juni 2019

Mjomba Gaolathe,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Habari za Phikwe? Baridi ya huko inasemaje? Huku tunaota moto mchana kweupe. Mimi ni mzima. Mama si mzima. Tangu Aprili tumbo linamtesa, na wiki iliyopita daktari wa Mahalapye alituambia tumrudishe nyumbani. Unajua maana ya maneno hayo.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa barua Rra Moatlhodi, yule mzee anayeendesha basi la Phikwe, akufikishie mpaka mlangoni. Kila asubuhi mama ananiuliza, "Yule mfalme wa sebuleni hajafika?" Bado anakutania kwa ule mchezo wako wa runinga. Anataka mcheke pamoja kabla hajaishiwa nguvu. Ndugu zake wa tumbo moja wote wameshatangulia, umebaki wewe peke yako. Njoo upesi.

Mpwa wako,
Sethunya

Phikwe, 9 Juni 2019

Mpwa wangu Sethunya,

Barua nimeipata, na nimeshinda nayo mkononi. Mpe dada pole zangu nyingi. Mimi afya ipo, na zaidi ya hiyo sina cha kujivunia. Tangu mgodi ulipofungwa simu nimeizima, maana kila anayepiga anauliza kama nimepata kazi, na kujibu kumenichosha.

Hebu nikupe habari za kule kwetu mchezoni, labda utachangamka. Unamkumbuka yule farasi mweupe mwenye kisirani, uliyemchagua ulipokuwa unasoma hapa kwangu? Bado ninaye. Juzi nimevuka naye milima yote nikatokea kaskazini, kwenye bonde lililojaa theluji, na mto unapita katikati. Nikashuka, nikasimama tu. Hapakuwa na adui wala kazi ya kufanya. Nikatazama jua likizama, nikapata raha niliyokuwa nimeshaisahau. Kisha nikamsaidia ajuza mmoja kutafuta kuku wake, nikachuma uyoga mpaka mfuko ukajaa.

Malkia wa kaskazini naye kanitumia tarishi tena: mji wangu unaungua, njoo haraka. Ananiita hivyo tangu mwaka juzi. Nikipita mlimani nauona moshi, na mji uko palepale. Ndiyo maana napapenda kule, Sethunya. Hapa Phikwe hakuna anayenihitaji. Kule wananiita kwa jina, na hawachoki kunisubiri.

Nitakuja. Ila mjomba haingii kwa dada yake mgonjwa mikono mitupu, watu wa Shoshong watanitafuna. Nipe muda kidogo.

Mjomba wako,
Gaolathe

Shoshong, 14 Juni 2019

Mjomba wangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Ya kwako nilimsomea mama. Alipofika kwenye kuku alicheka mpaka akashika ubavu. "Huyu! Kuku wa mama yetu walipotea mara ngapi, na hakuwahi kumtafuta hata mmoja!" Kisha akauliza, "Sasa anakuja lini?" Nikajifanya napuliza moto.

Mama hali chakula sasa. Hata uji wa mtama wenye maziwa ya mgando anauonja tu. Amekuwa mwepesi, namgeuza kitandani peke yangu. Usilete kitu, Mjomba, hakuna atakayekutazama mikono. Mchezo ule nimeucheza, naujua. Kule ukienda kuchuma uyoga hakuna kinachoharibika. Huku kinaharibika. Naogopa. Panda basi, tafadhali.

Mpwa wako,
Sethunya

Phikwe, 27 Juni 2019

Mpwa wangu mpendwa,

Hamjambo? Dada ameamkaje? Najua nimekawia. Nilivaa viatu nikaenda mpaka stendi. Pale nikakutana na watu tuliokuwa nao mgodini, wamenyoa vizuri, wakaniuliza nasafiri kwenda wapi na hata mfuko sina. Nikageuka nikarudi nyumbani. Aibu ilinila kweli.

Nikasema basi, angalau yule malkia nimwitikie. Safari hii sikuchuma kitu njiani, nilikwenda moja kwa moja. Nilijua nitakuta majivu. Sethunya, nilimkuta amesimama langoni, ana mshale begani, akaniambia, "Umefika kwa wakati." Miaka miwili! Nililia kama mtoto mdogo.

Nikajiambia, kumbe bado sijachelewa. Siku hiyohiyo nikatoka kutafuta kibarua. Namchimbia Rra Pheko wa jirani shimo la choo, na atanilipa mbuzi jike. Mikono imechubuka lakini moyo mwepesi. Jumamosi ya tarehe sita Julai nitapanda basi la kwanza na mbuzi wangu. Mwambie dada anisubiri.

Mjomba wako,
Gaolathe

Shoshong, 8 Julai 2019

Mjomba,

Salamu sijui nianzeje. Mama alifariki tarehe 29 Juni. Barua yako ilifika kesho yake.

Siku mbili za mwisho hakukuulizia. Nilifurahi, nikadhani maumivu yamepungua. Kumbe alikuwa ameacha kukungoja.

Simu yako tulipiga mpaka tukachoka. Tukatangaza redioni, jina lako likitajwa kabla ya ndugu wengine wote. Kila jioni ya maombi wazee waliacha kiti cha mjomba wazi. Jumamosi alfajiri wakasema mwili hauwezi kungoja zaidi, na binamu wa mama akasimama mahali pako. Hakujua hata aseme nini juu yake.

Mma Ntesang, yule mama wa nyumba ya pili, alikuona. Anasema ulifika watu wakiwa wanakula, mabeseni ya kunawia waliotoka makaburini yakiwa bado langoni. Uliyatazama yale mabeseni, ukamfunga mbuzi kwenye uzio, ukaondoka. Alikuita na hukugeuka. Mbuzi ninaye, analia mchana kutwa.

Wazee wamekasirika. Mimi pia nilikasirika, na sasa hasira imeniisha, umebaki upweke tu. Nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Baba sikumjua, mama ndiye huyo amekwenda. Sitaki uniombe radhi. Njoo ukae uani, hata usiposema neno, nisikie kuna mtu anakohoa. Sasa ni mimi ninayekuita, Mjomba. Rra Moatlhodi ameahidi kukusubiri mlangoni ili urudi naye.

Mpwa wako,
Sethunya

(Nyuma ya bahasha hiyohiyo, kwa mwandiko mwingine)

9 Julai

Mwanangu Sethunya,

Barua nakurudishia kama ulivyoifunga. Nimebisha mpaka majirani wakatoka. Yumo ndani, mchezo unasikika, farasi wanakimbia. Mlango una komeo na chini hapapiti hata karatasi, kaziba kwa blanketi. Nikamwambia kwa sauti kwamba Sethunya anakuita, amebaki peke yake. Akaongeza sauti ya runinga.

Pole sana, mwanangu. Abiria walikuwa wananingoja.

Ni mimi,
Moatlhodi wa basi