Mkwe Asiyejua Hata Harufu ya Pombe

Dada Esperansi wangu,

Nakusalimu kutoka Buffalo, ambako upepo unavua watu kofia. Kazi ilikunyima ruhusa, basi umekosa sinema.

Yule Mkenya wa Columbus anayemchumbia Aline, mtoto wa kaka yetu, amefika kuposa na chupa mbili badala ya kreti za bia za desturi yetu. Divai nyeupe ya Ugiriki, ya zabibu zinazoitwa savatiano. Akatuapia kwamba ameokoka, pombe hata harufu yake haijui, ni muuzaji tu aliyemchagulia. Wazee wakatazamana. Unajua wanavyomwogopa kijana asiye na doa hata moja.

Baba mdogo Nestori, msemaji wetu, akamjazia glasi. "Kwetu Burundi aliyeleta kinywaji ndiye anayeonja kwanza, tujue hakina sumu."

Kijana akaizungusha glasi taratibu, akainusa, akaonja, akafumba macho. Hapo akasahau yuko mbele ya nani. "Iko poa," akasema, "lakini ingekaa kwa friji kidogo zaidi."

Aline akajifunika uso kwa kitenge. Baba mdogo naye akaonja, akakunja uso kama aliyelamba ndimu, kisha akamsogezea kijana kiti.

"Sasa tumekufahamu, mwanangu. Kaa, tuongee mahari."

Nibusie watoto hapo mjini kwenu Iroquois, na ule vizuri. Mchungaji akikuuliza, mwambie mkwe wetu ameokoka. Chupa ya pili nimeilaza kwenye friji, kama alivyoshauri.

Mdogo wako,
Godeliva