Mufuko wa bipande bya Mama

Mardi, mangaribi.

Kidogo tu tungeupoteza. Yaya Béa, mukubwa wangu, aliisha kuita baba mumoja mwenye kushona mito, aje kubeba mufuko wa bipande bya bikwembe, ajazie mito yake. Marehemu Mama alikuwa anabiomba kwa bashonaji ba hapa Katuba, anatuunganishia blanketi.

"Biko bya bure tu," Yaya alisema.

Yule baba alipofika, nilimwaga byote pa simenti, tubiangalie kwanza. Yaya akaokota kimoja cha kijani.

"Hii ni kikwembe yake ya ndoa. Aliikata juu mimi nipate robe ya kuvaa Noeli."

Yule baba wa mito alituangalia, akaenda mikono mitupu.

Kesho tutaanza kushona blanketi. Naogopa, mikono yangu haiko kama ya Mama. Lakini Yaya leo alilia. Ku matanga ya Mama hakuliaka.